Chupa Nne za Otilia

Watu wa mtaa wetu watakwambia Chelo ana mdomo. Ni kweli, ninao, na ndio ulionisomeshea watoto watatu. Ukija kwangu ukauliza kama pilipili ni kali nitakujibu, "Kwani ulikuja kunywa uji?" Ukishamaliza kula ukabaki umekaa unachezea simu huku watu wamesimama mlangoni, nitakunyanyua, hata uwe mkuu wa polisi. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani mimi ni mtu wa kusema uongo kwa ajili ya upole wa moyo. Upole huo sina. Lakini Don Evaristo nilimdanganya miezi mitano mfululizo, kila siku saa nane mchana, isipokuwa Jumatatu tunapofunga.

Tunauza kitu kimoja tu, mkate wa kuzamishwa. Unachukua mkate mgumu wa mji wetu huu wa Guadalajara, ule wenye ganda lisilolainika upesi, unaupasua, unaupaka maharage ya kuponda, unaujaza nyama ya nguruwe, halafu unauzamisha kwenye mchuzi. Michuzi ni miwili. Kuna wa nyanya, ambao hata mtoto anaunywa, na kuna wa pilipili. Mteja akisema "nusu", namzamishia kwenye nyanya na kumwongezea kijiko kimoja cha pilipili. Akisema "kabisa", mkate wote unazama kwenye pilipili, na namsogezea tishu kabla hajaomba.

Hakuna anayekula kabisa asitoe machozi. Madereva wa malori wanalia, polisi wanalia, padri wetu analia na kola yake shingoni. Ndiyo maana pale kwangu kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: haulizwi mtu analilia nini. Nimeona wanaume wakilia pale siku waliyofukuzwa kazi, na siku walipoachwa na wake zao, na walioketi jirani wakainamia sahani zao na kusema, "Loo, leo pilipili kali." Basi, imeisha. Mtu anapenga kamasi, analipa, anaenda zake.

Nyama ilikuwa yangu, nyanya yangu, na wateja wangu. Pilipili ilikuwa ya Otilia.

Otilia alikuwa shoga yangu, mama wa ubatizo wa kifungua mimba wangu, na mwenzangu wa kazi kwa miaka ishirini na sita. Siku ya kutengeneza pilipili alifunga mlango wa jikoni na hakutaka mtu amsemeshe. Sisi huku tunajua kwamba pilipili ikitengenezwa na mwenye hasira inatoka na hasira ile ile, na Otilia aliniambia bila kupepesa macho, "Wewe Chelo kaa mbali na sufuria yangu, utaitia ugomvi." Sikununa. Alisema kweli. Pilipili yangu inakuzaba kofi ungali mlangoni. Yake ilikuja taratibu. Ulimega mara ya kwanza ukasema, mbona ya kawaida? Ukamega ya pili ukasema, haya. Ya tatu ikakukamata nyuma ya koo, ukabaki unalia na kucheka kwa pamoja, na mkono unarudi sahanini wenyewe.

Mume wake, Don Evaristo, kazi yake ni kuandika majina ya maduka ukutani kwa brashi. Ukipita mtaani kwetu ukaona neno VIATU au KINYOZI limeandikwa kwa herufi nono zenye kivuli cha bluu, ni mkono wake. Hata bango letu aliliandika yeye: Chelo na Otilia. Mkono ule haukuwahi kutetemeka, lakini tumbo lake lilikuwa la kitoto. Miaka yote alikula nusu, na hata hiyo nusu aliipuliza. Mume wa mwenye pilipili anaogopa pilipili! Tulimcheka tukachoka. Otilia alikuwa akisema, "Huyu nilimkubali kwa ajili ya mwandiko tu, mengine yote nimevumilia."

Otilia alikufa wiki moja baada ya Pasaka, sokoni, akichagua pilipili. Muuzaji alisema alinusa konzi moja, akaikataa, akainama kuchukua nyingine, hakuinuka. Moyo.

Evaristo hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia kanisani, hakulia makaburini. Msalaba wa mkewe aliuandika mwenyewe, herufi sita, zimenyooka kama za bango la dukani, na rangi haikudondoka hata tone. Tukasali siku tisa nyumbani kwake, na siku zote tisa alikaa kwenye kiti kile kile akiitikia sala kwa sauti ya kawaida. Refugio, dada wa Otilia, akanong'ona ili kila mtu asikie, "Huyu ni jiwe. Hakuwahi kumpenda." Nikamwambia, "Refugio, funga huo mdomo kabla sijaufunga mimi." Lakini na mimi nilikuwa nashangaa.

Siku ya kumi, saa nane mchana, akaja kwangu. Akakaa kwenye kiti chake chini ya bango.

"Nusu?" nikamuuliza, na nilikuwa nimeshashika kijiko cha nyanya.

"Kabisa."

"Evaristo, acha mchezo."

"Kabisa, shemeji."

Nikamzamishia kabisa. Mgahawa mzima ukageuka kumtazama. Alikula hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayekula mkate mkavu. Hakukohoa, hakutokwa jasho. Tishu nilizomsogezea zilibaki zimekunjwa vile vile.

"Hii ni ya Otilia?" akauliza.

"Ni yake. Aliitengeneza Jumatano ile kabla hajafa."

"Sisikii kitu."

"Husikii nini?"

"Kitu chochote." Alisema bila kulalamika, kama anayeniambia kwamba basi limechelewa. "Juzi nimebana kidole na mlango. Nikakitazama tu. Nikaona kinavimba, nikajiambia, kinavimba. Zimebaki chupa ngapi?"

"Nne."

"Basi niwekee mimi. Usimpe mtu mwingine. Nitakuja kila siku. Hii ameitengeneza kwa mkono wake, shemeji. Siku moja lazima itanikamata."

Nilizitoa zile chupa nne kwenye friji ya wateja, nikaziweka jikoni nyuma ya gunia la chumvi. Kuanzia siku hiyo wateja wakala pilipili yangu, na malalamiko nikayasikia. Toribio, fundi wa breki wa ng'ambo ya barabara, ambaye hata kanisani hanyamazi, alikuwa wa kwanza.

"Mama Chelo, mbona Don Evaristo ana chupa yake pembeni? Sisi ni watoto wa kambo?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Lakini mimi naila, mama! Naila kila siku, na inaniwasha mpaka kesho yake chooni!"

Watu wakacheka hadi wakagonga meza. Evaristo hakuinua hata kichwa.

Chupa nne si nyingi kwa mtu anayezama kabisa kila siku. Katikati ya Mei nilikuwa na moja na nusu. Sasa nikueleze jinsi tunavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipoteleza. Sisi hatuachi chupa ya pilipili iishe. Ikibaki robo, unaijazia mpya juu ya ile ya zamani, na ya zamani inaifundisha mpya. Ndivyo alivyofanya Otilia, na ndivyo alivyofanya mama yake. Kwa hiyo chupa ya mwisho ilipofika robo, nikaijazia yangu. Nikajiambia, huu si uongo, ndiyo kazi yenyewe. Ilipofika robo tena, nikajazia. Na tena. Mwisho wa Mei nilisimama jikoni na chupa mkononi, nikaitazama, nikajua kwamba Otilia hayumo humo tena. Labda harufu. Labda hata harufu hakuna.

Saa nane akaja. "Bado ni ya Otilia?"

"Bado ya Otilia," nikamwambia.

Huyu mtu alikuwa ameshika kamba moja tu duniani, na kamba yenyewe ilikuwa ile chupa. Nikasema moyoni, nitamwambia akishasikia kitu. Juni akaja, hakusikia. Julai akaja. Agosti, siku ya kuzaliwa kwake, nikamwekea nyama zaidi na mshumaa juu ya mkate, Toribio akaimba kwa sauti yake mbovu, Evaristo akauzima mshumaa na kusema asante. Akala kabisa, jicho kavu. Pilipili yangu, ambayo imewahi kumlaza askari wa zimamoto sakafuni, ikapita kooni kwake kama maji. Akaendelea na kazi zake. Aliandika duka la kofia, aliandika kliniki ya meno. Herufi zilikuwa nzuri kuliko zamani. Ilinikera kuzitazama.

Na mimi je? Mimi niliamka, nikakaanga nyama, nikafunga, nikalala. Watu walinipa pole, nikawaambia asante, kaa pale, unakula nini? Usiku nilijiuliza kama ninaumwa mahali, nikakosa mahali penyewe. Hata mdomo wangu ulipungua makali. Watoto wangu wakaogopa.

Basi ikafika wiki ya mwisho ya Oktoba. Maua ya manjano ya wafu yakajaa sokoni mpaka unakanyaga, maana Siku ya Wafu kwetu marehemu hurudi nyumbani kula walichowekewa mezani. Evaristo alimaliza kula, na badala ya kuondoka akabaki amekaa.

"Shemeji, Jumapili Otilia anakuja."

"Najua."

"Meza yake nimeshaiandaa. Picha ipo, maua nimenunua, mishumaa ninayo. Nataka uniwekee pilipili yake. Kidogo tu, chupa ndogo."

Nikafuta kaunta iliyokuwa safi. "Ya nini? Si utamwekea mkate, utamwekea kahawa..."

"Nimefikiri hivi. Mimi sisikii, lakini yeye atasikia. Atoke kule kote, aje akute kitu chake mwenyewe mezani. Labda nikijua kwamba anakionja, na mimi..." Akasogeza tishu kavu pembeni. "Ni hilo tu. Nikikosa hili, sijui tena nifanye nini, Chelo."

"Njoo Jumamosi," nikasema. "Nitakufungia."

Loo, nilivyojilaani! Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Maana chakula cha meza ya wafu hakionjwi na aliye hai kabla mwenyewe hajaja kukila. Mtoto mdogo wa kwetu anajua hilo, anachapwa mkono akigusa. Kwa hiyo ningeweza kumpa Evaristo chupa yoyote, akaifunga kwa utepe, akaiweka mbele ya picha, asijue milele. Ningekuwa nimepona kabisa. Lakini Otilia! Kumdanganya mzima nilishazoea. Otilia angetoka huko waliko wafu, na magoti yale yanayomsumbua, akakaa mbele ya mumewe, akachovya kidole, akasema, "Chelo, huu ni mkono wako." Ningemficha wapi uso wangu?

Nikajaribu kuitengeneza kama yake. Alhamisi nilifunga mlango wa jikoni, nikawakataza watu wote wasinisemeshe. Pilipili nyembamba zile zile za Yahualica, siki ile ile, kitunguu saumu, bizari, karafuu mbili, ufuta. Nikachuja mara tatu kwa chujio lake. Nikaonja. Kofi. Nikamwaga. Ijumaa nikaanza upya, taratibu, nikasali hata Salamu Maria juu ya sufuria. Kofi lile lile. Nikaitukana ile sufuria matusi ambayo siwezi kukuandikia hapa. Unaona? Utaitia ugomvi, alisema. Nikakaa sakafuni na chujio mapajani, na ndipo ilipoingia kichwani mwangu kwamba hatafungua ule mlango tena na kuniambia niondoke.

Jumamosi saa nane mgahawa ulikuwa umejaa. Evaristo alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na utepe wa zambarau mfukoni kwa ajili ya chupa. Nilikuwa nimepanga kumwita jikoni nimwambie kwa siri. Lakini si nimekwambia nina mdomo? Alikuwa hata hajaagiza. Nikachukua ile chupa ya mwisho ya Otilia, tupu, nikaiweka mbele yake.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini?"

"Pilipili ya Otilia. Iliisha mwisho wa Mei. Unayokula ni yangu."

Toribio alikuwa amepeleka kijiko mdomoni, kikabaki hewani.

"Ya jana?" Evaristo akauliza.

"Yangu."

"Ya siku yangu ya kuzaliwa?"

"Yangu, Evaristo. Miezi mitano yote ni yangu. Mimi ndiye mwongo. Nitukane, nipige na chupa, fanya unavyotaka, lakini yeye siwezi kumwekea uongo mezani."

Hakunitukana. Aliitazama ile chupa, na uso wake ukaanza kufanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu Pasaka.

"Miaka thelathini na minane," akasema. "Nimekula mkono wa yule mwanamke miaka thelathini na minane. Nusu, lakini nimekula. Umenibadilishia, na mimi nikasema asante."

"Nimekwambia kosa ni langu."

"Sikujua!" Akapiga meza. Sikuwahi kabla ya hapo kumsikia mtu yule akipaza sauti. "Nilikuwa nakaa hapa namngoja, Chelo, na alikuwa ameshaondoka, na mimi sikujua!"

Kisha akalia. Hakulia kama watu wanavyolia pale kwangu, kile kilio cha kufuta pua na kuendelea. Alilia kwa mabega, kwa sauti, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza. Na mbele yake hapakuwa na mkate, hapakuwa na sahani, hapakuwa na tone la pilipili. Palikuwa na chupa tupu tu.

Toribio akarudisha kijiko sahanini. Akainamisha kichwa.

"Loo," akasema, "leo pilipili kali."

"Kali kweli," akasema mtu mwingine nyuma.

"Kali mno," akasema dereva ambaye hata hatumjui, aliyekuja kwa mara ya kwanza.

Na mimi nikajibu, "Kali." Nikaacha nyama iungue. Nilimlilia shoga yangu nikiwa nimesimama, kijiko mkononi, mbele ya wateja, na haki ya Mungu hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Alipotulia alitumia tishu zangu kwa mara ya kwanza, pakiti nzima. Akaichukua chupa, akafungua kifuniko, akainusa.

"Tutamwekea hii hii," akasema.

"Tupu?"

"Nipe na pilipili kavu, na siki, na chumvi. Na chujio lake. Yeye hakuwahi kupenda mkono wa mtu mwingine. Ajitengenezee mwenyewe."

"Basi funga mlango," nikamwambia, "na usimsemeshe."

Kidogo acheke. Nikamfungia kila kitu kwenye gazeti, na chujio nikaliweka juu lisipinde. Akaufunga utepe wake kwenye shingo ya chupa, akatoka.

Jumapili nilikuwa na meza yangu mwenyewe ya kuangalia, wazazi wangu na ndugu yangu mmoja, sikwenda kwake. Jumatatu tulifunga. Jumanne saa nane nilimwona akivuka barabara, macho yamevimba, rangi ya bluu kwenye vidole. Akakaa kwenye kiti chake. Nikachota pilipili, nikashika mkate, tayari kumzamishia kabisa kama kawaida.

"Nusu, shemeji," akasema. "Hiyo yako inawasha."